Fimbo Isiyolowa

Kaskazini ya nchi zote zilizopata kutajwa, mahali ambapo jua la kiangazi hukataa kutua na jua la kipupwe hukataa kuchomoza, palikuwa na nchi iliyoitwa Daima. Walioipa jina hilo walikuwa na sababu yao, maana walipofika waliikuta barafu imekaa, walipozeeka waliiacha imekaa, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuhadithiwa na bibi yake habari za siku ambayo haikuwako. Nasema palikuwa, na neno hilo linaniuma kila ninapolitamka. Ningependa kusema pana.

Mji mkuu wa Daima uliitwa Mazoea, nao ulijengwa juu ya majabali ya pwani, ukitazamana na mlango mpana wa bahari ulioitwa Nderemo. Ng'ambo ya mlango huo ilikuwako nchi ya Ukarimu, ambako Wadaima walioa na kuozesha tangu enzi na enzi. Kwa macho ya mtu Nderemo haikuwa bahari kamwe. Ilikuwa uwanda mweupe uliolala imara kiangazi na kipupwe, na watoto wa Mazoea walijifunza kutembea juu yake kabla hawajajifunza kwamba chini yake kuna maji.

Barafu ya zamani! Niacheni niiseme kidogo, na asiyetaka kusikia na aruke aya hii, sitamwandama. Ilikuwa nene kupita kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu. Haikuwa nyeupe tupu kama wadhanivyo watu wa nchi za joto. Ndani yake ilikuwa na samawati iliyokolea, na kadiri ilivyozeeka ndivyo ilivyozidi kukolea. Alfajiri iliguna, adhuhuri ilinyamaza, na magharibi ilitoa mlio mwembamba kama mlango wa jirani unaofunguliwa kwa adabu. Tena ilikuwa tamu. Barafu changa ya bahari ina chumvi, lakini chumvi huitoka polepole mwaka baada ya mwaka, hata ikitimiza umri wa mtoto anayeng'oa meno, kipande chake kikiyeyushwa chunguni hutoa maji safi ya kunywa. Wanawake wa Mazoea walitoka asubuhi na mashoka, wakachagua barafu ya chai kwa kuitazama rangi tu, wakabishana kwa kicheko nani amepata kilicho bora. Chai ile, wallahi, haitapikwa tena duniani, na anayeniambia nisihuzunike hakuinywa.

Mara moja kila mwaka, kipupwe kilipokwisha na jua likachungulia tena, mabinti wote walioposwa ng'ambo walivuka Nderemo siku moja. Walipanda vitelezi, yaani magari yasiyo na magurudumu yanayokokotwa na mbwa, thelathini au zaidi, vilivyofungwa njuga na kutandikwa mablanketi mekundu. Nyuma yao walifuata mama zao wakipiga vigelegele, na baba zao wakijifanya hawalii, na mashangazi waliobeba masufuria, na watani waliokwenda kinyumenyume ili wawatazame maarusi usoni na kuwachekesha hadi katikati ya mlango. Njuga zilisikika Ukarimu kabla msafara haujaonekana, na wenyeji wa huko wakaanza kuteleka vyungu. Kwa shangwe hizo mlango ukapewa jina lake.

Sheria ya kuvuka ilitungwa na mwanamke wa kale aliyeitwa Bibi Hadhari. Alichonga fimbo kutoka mfupa wa nyangumi, urefu wake pima moja na shibiri moja, akaagiza kwamba siku moja kabla ya kuvuka, Mpimaji wa Nchi atoboe barafu kwa keekee shimo lenye kina sawa na fimbo ile, kisha aitumbukize mbele ya watu. Ikitoka kavu, maarusi wavuke. Ikitoka imelowa, wangoje mwaka mwingine, na pasiwe na mtu wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeiumba barafu. Ilikuwa sheria fupi yenye insafu, na kwa mamia ya miaka fimbo ilitoka kavu bila mtu kuisaidia.

Kisha akaja Sultani Fahari. Katika enzi yake fimbo ililowa mara moja, ncha tu, naye akalichukua jambo hilo kuwa tusi kwa kiti chake. Akaongeza maneno machache katika sheria: fimbo ikilowa, aliyeilowesha ni Mpimaji, na Mpimaji avushwe. Kuvushwa ndiyo iliyokuwa adhabu kuu ya Daima. Mhukumiwa alipelekwa kwa miguu hadi Ukarimu asirudi tena, na mshtaki wake alilazimika kumsindikiza mpaka katikati ya mlango, kisha arejee aape barazani kwamba hukumu imetimizwa. Tangu maneno yale yaandikwe, fimbo haikulowa tena. Jamani, mlitegemea nini?

Mpimaji wa wakati huo aliitwa Staha, mtu mpole asiyependa kumharibia mwenziwe siku. Mwaka mmoja wa joto lisilo la kawaida, mjukuu mmoja wa Sultani alikuwa miongoni mwa maarusi, na Staha, alipojaribu faraghani, akaona ncha ya fimbo imepata unyevu. Hakutaka kuvushwa, lakini zaidi hakutaka kuwaudhi wenyeji wa Ukarimu waliokwisha pika. Akachukua msumeno mdogo akakata ncha, kipande chembamba kama pete, na kesho yake fimbo ikatoka kavu. Msafara ulivuka salama, watu wakala, wakacheza, na Staha akajiambia kwamba kidole kimoja cha mfupa si kitu. Mwaka uliofuata alikata tena. Kwa kuwa mfupa wa Bibi Hadhari hautupwi, kila kipande alikitia katika mfuko wa ngozi ya sili na kuuficha nyuma ya kabati.

Siku ya kufa kwake alimwachia mwanawe kazi, fimbo, msumeno na mfuko. Mwana huyo ndiye Kadiri, na hadithi hii ni yake. Kadiri alikuwa mtu mwaminifu katika kila jambo isipokuwa hilo moja ambalo lilikuwa kazi yake. Alikata mwaka wa kwanza huku amefunga mlango wa chumba, mwaka wa tano huku akipiga mluzi, na ilipofika mwaka wa kumi alikuwa amesahau kwamba kukata ni kukata. Aliona ni sehemu ya kuitayarisha fimbo, kama kuifuta vumbi.

Mtauliza, je, watu hawakuona fimbo inafupika? Watu wa Mazoea waliona vizuri sana, ila palikuwa na Waziri Sifa bin Ghururi, mwenye kipaji cha kupamba. Yeye alitoa shauri kwamba fimbo adhimu kama ile haifai kwenda kichwa wazi, akaivika kilemba cha hariri. Kila mwaka kilemba kiliongezwa manyoya, shanga na nyuzi za fedha, hata mfupa ulivyopungua chini, pambo likarefuka juu, na jumla ikabaki ile ile. Watu walipiga makofi wakasema fimbo haijapata kupendeza hivi. Chai ilipoanza kuwa na ladha ya chumvi, Waziri alitangaza kwamba chumvi huimarisha meno. Kiti cha Sultani Radhi, mjukuu wa Fahari, kilichokuwa kikiwekwa juu ya barafu siku ya kipimo, kilihamishiwa jabalini, ikasemwa ni kwa ajili ya upepo. Na mwaka uliotangulia mambo ninayoyasimulia, mbwa wawili wa kitelezi cha mwisho walipotumbukia katikati ya Nderemo, iliandikwa katika kitabu cha serikali kwamba mbwa wale wametoroka. Nikifika hapo hasira hunipanda, maana nawajua mbwa. Mbwa hatoroki na hatamu shingoni.

Mwaka wa kumi na mbili wa kazi ya Kadiri, binti yake wa pekee, Tunu, aliposwa na kijana wa Ukarimu, na kura ikampa heshima ya kukaa katika kitelezi cha mbele. Kitelezi cha mbele ndicho kizito kuliko vyote, kwa kuwa hubeba vyombo vyote vya maarusi, nacho ndicho kinachoikanyaga barafu kabla ya vingine. Nyumba ya Kadiri ilijaa njuga, nyuzi na vicheko. Tunu aliimba kutwa, na kila jirani aliyepita alilazimishwa kuonja maandazi.

Siku nane kabla ya kuvuka, Kadiri alikwenda ufukweni peke yake kama ilivyo ada, akatoboa shimo, akatumbukiza fimbo. Ikatoka imelowa. Akarudi nyumbani, akakata kiasi cha kiganja, akaenda tena kesho yake na kutoboa shimo fupi. Ikatoka imelowa. Alipokata tena, kisha mara ya tatu, mfupa uliobaki chini ya kilemba ulikuwa shibiri moja tu, na bado ulitoka unadondosha maji. Kadiri alipiga magoti juu ya barafu akaitazama. Ilikuwa ya kijivu, na pale alipofuta theluji kwa kiganja aliona giza la bahari likipita chini ya magoti yake. Akilini alimwona binti yake ameketi juu ya kitelezi kizito, mahali hapo hapo.

Akaondoka mbio hadi kwa Waziri Sifa, akamkuta anachagua manyoya ya kilemba.

"Mheshimiwa Waziri," alisema Kadiri, "barafu ya Nderemo haibebi msafara mwaka huu. Nimejaribu mara tatu."

"Mara tatu za nini?" aliuliza Waziri bila kuinua macho. "Mpimaji hujaribu mara moja, mbele ya watu, na fimbo hutoka kavu. Mengine hayamo katika sheria."

"Imebaki shibiri moja, nayo inalowa."

"Basi ifanye nusu shibiri. Baba yako alikuwa mtu wa adabu, Kadiri. Hakuwahi kuniletea maji ofisini. Unataka Sultani Radhi, bwana mwenye moyo mwema namna ile, awaambie watu wa Ukarimu kwamba nchi ya Daima imekwisha?"

"Simwambii aseme imekwisha. Nasema binti yangu yuko kitelezi cha mbele."

Waziri aliweka unyoya mezani, akamtazama kwa upole ulioshinda ukali. "Hongera sana kwa binti," alisema. "Kilemba cha mwaka huu kitakuwa kirefu kuliko vyote. Nenda ukamalizie kazi yako."

Kadiri alirejea nyumbani. Mkewe, Bi Bayana, alikuwa mwanamke aliyesema jambo jinsi lilivyo, na kwa sababu hiyo mumewe alikuwa amemficha siri ya fimbo miaka yote ya ndoa. Alimwita chumbani, akautoa mfuko nyuma ya kabati, akaumimina juu ya mkeka. Vipande ishirini na vitatu vya mfupa vilianguka kwa mlio mkavu. Akamweleza kila kitu, tangu kipande cha kwanza cha marehemu Staha hadi cha juzi.

Bi Bayana aliinama akavitazama. Kisha alichukua kimoja, akakipima kwa kidole chake.

"Baba Tunu," alisema, "mwaka jana mimi nilivuka na kina mama. Nilikuwa nyuma ya kitelezi cha saba. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka."

"Najua, Mama Tunu."

"Ulijua! Ulisimama ufukweni ukanipungia mkono, na ulijua! Na wale mbwa wa watu walipozama ukaniambia wametoroka, nami nikawaonea huruma kwa njaa watakayoipata huko waliko." Hapo alikitupa kile kipande mkekani. "Lo, Kadiri. Mwanaume nimekulea kama yai, kumbe kila mwaka unatutembeza juu ya kaburi na msumeno mfukoni."

Kadiri alilia, na Bi Bayana akamwacha alie. Kisha akavikusanya vipande kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni, akaufunga mfuko na kumwekea mumewe mapajani.

"Mimi nikimzuia Tunu, watamchukua mwingine wakamweka mbele," alisema. "Ni mtoto wa mtu vile vile. Wewe ndiye uliyekata, wewe ndiye utakayewaambia."

"Watanivusha."

"Watakuvusha. Nitakufungia chakula."

Siku ya Kipimo ilipambazuka kwa jua changa. Watu wa Mazoea walijaa majabalini kwa nguo za sherehe, Sultani Radhi akaketi kitini, na pembeni yake wakakaa wazee saba wa Baraza la Waitikiaji, ambao kazi yao ilikuwa kusema "Ndivyo" kila serikali inapomaliza sentensi. Fimbo ililetwa na kilemba chake, ikapigiwa makofi. Kadiri aliichukua, akaenda hadi shimoni, akainama. Lakini badala ya kuitumbukiza alikivua kilemba, akakilaza juu ya theluji, na kuinua mkononi kipande cha mfupa kisichozidi urefu wa kijiko cha kupakulia. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha wa arusi. Kisha akaufungua mfuko na kuvipanga vipande vyote kwa mstari, kuanzia kile chembamba kama pete hadi vya mwisho vilivyokuwa vipana kama kiganja, na kicheko kikafa.

"Mtukufu Sultani," alisema Kadiri, "hii ndiyo fimbo ya Bibi Hadhari. Vipande tisa alivikata baba yangu, na kumi na vinne nimevikata mimi. Haikuwa kavu kwa sababu barafu ni nene. Ilikuwa kavu kwa sababu sisi tuliifupisha."

Zogo lililozuka sina haja ya kulieleza. Waziri Sifa alisimama akadai kesi pale pale, na Sultani Radhi, ambaye hakupenda ugomvi wala hakujua jinsi ya kuuzuia, alikubali.

"Mtukufu," alianza Waziri, "mtu huyu amekiri kuikata fimbo, amekiri kuilowesha, na sasa anataka kuzilowesha nyoyo za raia. Mwaka jana msafara ulivuka?"

"Ulivuka," alijibu Kadiri.

"Na mwaka juzi?"

"Ulivuka."

"Basi barafu imetenda kosa gani? Na hata kama imepungua kidogo, kila mtu anajua kwamba joto linatoka kusini, katika nchi za Matanuri, ambako watu huwasha moto mchana na usiku na moshi wao ukaifunika dunia. Je, fimbo yako ikiwa ndefu, moto wa Matanuri utazimika?"

"Ndivyo," walisema Waitikiaji, ingawa lilikuwa swali.

"Hautazimika," alisema Kadiri. "Moto ule sikuuwasha, na kuuzima siwezi. Lakini tungalikuwa na fimbo ya kweli, tungalijua tangu enzi ya baba yangu, tukawapelekea watu wa Matanuri mfupa wenye unyevu na kuwaambia: tazameni mnachotufanyia. Tuliwapelekea nini? Salamu za sherehe. Mtukufu, barafu hii si ile. Ile ilikaa miaka na miaka ikaongezeka juu ya nafsi yake. Hii imezaliwa kipupwe hiki, na kiangazi kikifika itakwenda. Barafu nyeupe hulirudisha jua lilikotoka, lakini ikiondoka, maji meusi hulinywa jua lote, yakapata joto, yakaila barafu iliyo jirani. Na hiyo nayo ikiliwa, maji huzidi. Ndiyo maana vipande hivi vinazidi kukua. Baba yangu alikata pete, mimi nakata viganja. Kama sisemi kweli, niambieni ni nani hapa mwenye maji ya chai yasiyo na chumvi."

Waziri alifungua kinywa ajibu habari za meno, lakini Sultani aliinua mkono.

"Chai," alisema Sultani Radhi, na watu waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. "Mama yangu alikuwa akitoka mwenyewe na shoka. Watumishi walimwonea haya. Alirudi na kipande cha samawati amekikumbatia, nguo zote zimelowa kifuani, akinicheka kwa kuwa nilitaka kukilamba. Nilikuwa nadhani ni ulimi wangu uliozeeka. Miaka yote hii nimeulaumu ulimi wangu."

Wazee wengi walitazama chini, na mwanamke mmoja alijifunika uso kwa ushungi. Mimi ningependa kusema kwamba kesi ilikwisha hapo. Haikwisha. Waziri Sifa alijua sheria, na sheria ilikuwa upande wake. Aliwataka Waitikiaji wapige kura, nao, kwa mazoea ya maisha yao yote, wakaamua mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba barafu ya Nderemo ni nene kama ilivyokuwa, hivyo maarusi wavuke kesho. Na kwamba Kadiri ameilowesha fimbo, hivyo avushwe leo.

"Ndivyo," walisema.

"Naikubali hukumu," alisema Kadiri. Alimkumbatia Tunu, aliyekuwa amevaa tayari shela la maarusi na kulia bila aibu, akapokea kutoka kwa mkewe furushi la chakula, akaligeukia baraza. "Niko tayari. Mheshimiwa Waziri, wewe ndiye uliyenishtaki. Sheria inakutaka unisindikize hadi katikati."

Waziri Sifa alisogea hadi ukingo wa jabali, mahali barafu inapoanza. Aliinua mguu wa kulia. Aliushusha ulipokuwa.

"Magoti yangu," alisema, "yamekuwa yakinisumbua tangu juzi. Askari wawili watashika nafasi yangu."

Askari wawili walitazamana. Mmoja alikumbuka kwamba mkewe ni mjamzito. Wa pili hakuwa na mke, akasema wazi kwamba anaogopa.

"Waitikiaji basi," alisema Waziri. "Mmoja wenu."

Wale wazee saba, waliokuwa wamethibitisha unene wa barafu kabla mate hayajawakauka midomoni, kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa ndiye anayestahili heshima hiyo. Mmoja alivua viatu, akavivaa tena. Kutoka katikati ya watu, Bi Bayana alipaza sauti.

"Kwani kuna nini, wazee wetu? Si nene? Si ndiyo hiyo mtakayompandisha mwanangu kesho, na mbwa kumi na wawili, na masufuria ya mji mzima? Na hicho kiti cha Sultani, nani alikitoa kwenye barafu akakipandisha jabalini? Hata leo hakuna upepo!"

Mji mzima wa Mazoea ulikuwa umesimama juu ya mawe, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa juu ya barafu isipokuwa Kadiri, na sasa kila mmoja aliona hivyo. Mama wa arusi wa pili alimshika bintiye mkono akamvuta nyuma. Mama wa tatu akafanya vivyo hivyo. Mablanketi mekundu yakaanza kutolewa vitelezini.

Sultani Radhi alishuka kitini. Alimwamuru Kadiri avifunge vipande vyote pamoja kwa kano, kama vilivyokuwa, na ile fimbo ndefu, iliyopinda na kujaa mafundo, ikatumbukizwa katika shimo jipya. Ilipotolewa, ilikuwa imelowa karibu yote. Sehemu iliyobaki kavu, kuanzia usawa wa barafu kushuka hadi usawa wa maji, ilikuwa kidole kimoja.

"Hakuna kuvuka," alisema Sultani, na akasema kwa shida, maana katika maisha yake hakuwa amewahi kuwanyima watu kitu. "Maneno ya babu yangu Fahari yafutwe, ya Bibi Hadhari yarudi. Kadiri, umewadanganya watu hawa miaka kumi na mmoja, na hilo sikusamehe mimi, watakusamehe wao wakitaka. Adhabu yako ni kubaki katika kazi. Kila mwaka utapima, na kila mwaka utasimama hapa na kutusomea ukweli, hata kama hatutaki kuusikia."

Kadiri aliitumikia adhabu hiyo. Alisoma shibiri, alisoma vidole, na watu waliisikiliza hesabu hiyo kama watu wanaosikiliza habari za mgonjwa. Barua zilipelekwa Matanuri pamoja na mfupa wenye unyevu. Majibu yalikuja yenye huruma nyingi, na moto uliendelea, ingawa husemwa kwamba baadhi ya matanuri yalizimwa. Mbwa waligawiwa kwa watu wa bara. Njuga zilitundikwa ukutani, kisha zikauzwa kwa wasafiri. Wachekeshaji waliokwenda kinyumenyume walikufa mmoja mmoja bila kurithiwa, kwa kuwa utani wao ulihitaji mahali pa kutembea. Na mwaka mmoja, Kadiri alipofika ufukweni na keekee begani, hakukuwa na cha kutoboa. Alisimama pale hadi adhuhuri, akarudi na kusoma mbele ya watu neno moja, "Maji."

Tunu aliolewa. Alivuka kwa mashua, bila vigelegele vya kina mama, maana mashua ilikuwa ndogo na kina mama walibaki kupunga vitambaa. Alifika salama, akapendwa huko alikokwenda, na hilo ndilo Kadiri alilolinunua kwa aibu yake, na hakujuta. Baada ya miaka saba alikuja kumwamkia baba yake, akiwa na mtoto wa kike aliyeitwa Leo.

Babu na mjukuu walikwenda kuketi juu ya majabali. Mawimbi yalipiga chini yao, meusi, yenye nguvu, na mtoto aliyafurahia.

"Babu," alisema Leo, "mama anasema zamani maarusi walipita hapa kwa miguu."

"Kweli, mjukuu wangu. Walipita hapa hapa."

"Na mbwa?"

"Na mbwa, na vitelezi thelathini, na mashangazi na masufuria yao. Palikuwa na watu waliotembea kinyumenyume mpaka kule katikati, wakicheka."

Leo aliangalia mahali alipoonyeshwa. Wimbi kubwa lilijiinua pale, likavunjika. Mtoto akamtazama babu yake usoni kuona kama anatania, kisha akaangua kicheko, akajishika tumbo na kupiga miguu juu ya jabali.

"Babu muongo! Babu muongo!"

Kadiri aligeuka kumtafuta binti yake. Tunu alikuwa amesimama nyuma yao, ametazama maji.

"Mwambie, mama," alisema Kadiri. "Wewe ulivaa shela. Mwambie."

"Nimemwambia mara nyingi, Baba," alijibu Tunu. "Haamini."